Vitendo vya tayari na vya kujitengenezea kwenye otomesheni: maana yake nini

Ukifungua Zapier, Make, n8n au Power Automate, yaani majukwaa ya kuunganisha programu zifanye kazi zenyewe, kuna vitu viwili vya kuelewa kwanza, kichochezi na kitendo. Kichochezi ni tukio linaloanzisha kazi, mfano mteja amejaza fomu ya oda. Kitendo ni kile mfumo unachofanya baada ya hapo, kuongeza mstari kwenye Google Sheets, kutuma imeili, kumjulisha mtu wa delivari. Unavipanga kimoja baada ya kingine afu kazi inajiendesha, huna haja ya kukaa unakopi na kupesti.

Sasa kitendo cha tayari ni kile ambacho wenye jukwaa au wenye huduma wameshakutengenezea. Unakiona kama fomu tu: chagua faili, chagua shiti, jaza safu, basi. Ndani yake kuna ombi la API (njia ya programu moja kuongea na nyingine) lenye anwani yake, ruhusa zake na mpangilio wake wa data, ila wewe hayo huyaoni, na Google wakibadilisha kitu upande wao ni kazi ya wenye kitendo kukirekebisha, si yako. Faida hii watu wanaichukulia poa sana. Mimi nasema kama kitendo cha tayari kinakutosha kitumie, usijitafutie kazi ya kutunza kitu ambacho mwenzio anakutunzia bure.

Shida inakuja pale huduma unayoitaka haimo kwenye orodha, au imo lakini kitendo chake hakina ile sehemu moja unayoihitaji. Hapo ndo unaingia kwenye kitendo cha kujitengenezea. Njia nyepesi ni ile nodi (hatua moja kwenye mpangilio wako) ya HTTP Request kwenye n8n, au Webhooks kwenye Zapier, unaandika mwenyewe anwani na data ya kutuma. Ukitaka zaidi unaandika mistari michache ya kodi ya JavaScript au Python. Na kwenye Power Automate unaweza kutengeneza kiunganishi kizima kutokana na faili la OpenAPI (faili linaloeleza API ya huduma ilivyo), wenzako ofisini wakakitumia kama vile kilikuwepo siku zote.

Chukua mfano wa duka la Mombasa linalotaka mteja akishajaza oda apate ile STK push ya M-Pesa kwenye simu aweke PIN alipe. Safaricom wana API yao, Daraja, na hapo kitendo chako kina hatua kadhaa: kwanza unatuma funguo zako mbili upewe tokeni, yaani kibali cha muda, na hiyo tokeni inaisha baada ya saa moja, kwa hiyo ukiibandika mle kama maandishi ya kudumu asubuhi itafanya kazi, mchana imekataa. Afu unatengeneza nywila kwa kuunganisha namba ya biashara, passkey (neno la siri wanalokupa Safaricom) na muda wa sasa, vyote vinageuzwa kuwa base64 (namna ya kuandika data kama maandishi). Namba ya simu lazima ianze na 254, kwa hiyo mteja akiandika 07 we ndo wa kuibadilisha.

Halafu hapa ndo pananiuma kuona watu wanakosea, manake ni hela za watu. Daraja wakikujibu ResponseCode 0 wanamaanisha ombi limepokelewa, hawajasema mteja amelipa! Jibu la malipo linakuja baadaye kwenye anwani uliyowapa, na huko ResultCode 0 ndo malipo yamepita, 1032 mteja ameghairi. Kwa hiyo unahitaji mtiririko wa pili (mpangilio mwingine wa kichochezi na vitendo) unaosubiri hilo jibu, na CheckoutRequestID, utambulisho wa ombi uliyopewa mwanzo, unaihifadhi kwenye shiti pamoja na namba ya oda ili ujue jibu hili ni la oda gani. Ukiandika "imelipwa" kwenye lile jibu la kwanza utatoa mzigo bila hela.

Kurudia pia kunataka uangalifu. Majukwaa mengi unaweza kuyaambia yajaribu tena kitendo kikifeli, na kwa kusoma shiti hilo halina neno, lakini kwa kuomba malipo mtandao ukisita kidogo mteja anaweza kupata maombi mawili, akalipa mara mbili. Kagua kwanza kama oda hiyo imeshaombewa malipo ndo utume.

Ukishamaliza usiache zile nodi zimetapakaa ukazikopi kila mahali. Zifungie kwenye mtiririko mdogo unaoitwa na mingine, n8n inaruhusu hilo, uupe jina linaloeleweka kama "Omba malipo" na vitu vitatu tu vya kujaza: simu, kiasi, namba ya oda. Funguo ziweke sehemu ya siri za jukwaa, zisionekane ndani ya nodi. Hapo hata dada wa dukani asiyejua API anajaza vitu vitatu malipo yanaombwa, na Daraja wakibadilisha kitu unarekebisha sehemu moja.