Vidoa vyeupe kwenye kucha si dalili ya kukosa kalsiamu

Kuna ujumbe usiokoma kuzunguka kwenye magrupu: ukiona vidoa vyeupe kwenye kucha, mwili umepungukiwa kalsiamu, kanunue vidonge. Sivyo. Mara nyingi vidoa hivyo hutokana na ukucha kugongwa au kubanwa penye mzizi, wiki kadhaa kabla havijaonekana. Kufikia hapo mlango uliokubana umeshausahau. Ukinywa maziwa kisha doa likaondoka, sifa yanapewa maziwa, ingawa lingeondoka tu.

Hata kujitengeneza kucha nyumbani kunaweza kuvileta, ukiisukuma kwa nguvu ile ngozi ya mzizini. Loweka vidole kwanza kwenye maji ya uvuguvugu, kisha isukume taratibu kwa kijiti kilichofungwa pamba, usiikate.

Unataka kuhakikisha? Piga picha ya doa leo, na nyingine baada ya mwezi. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, hivyo utaliona limesogea kuelekea ncha, hadi siku utakapolikata.

Kucha zikigeuka nyeupe zote, hilo ni jambo jingine, muone daktari. Ujumbe wenyewe ukikufikia tena, tafadhali usiusambaze.