Miale Haipo: Dhana Potofu Kuhusu Kupima Kemikali za Ubongo kwa MRI

Mama mmoja kutoka Kayole alimleta mwanawe wa kidato cha tatu, kijana aliyeanza kuanguka kifafa ghafla. Mlangoni pa chumba cha MRI akanishika mkono. "Daktari, tayari ana uvimbe kichwani. Hii miale si itamwongezea kansa?" Mimi ni mpiga picha za radiolojia, si daktari, na swali hilo nalisikia hapa Nairobi karibu kila wiki.

Miale hiyo haipo. Eksirei na CT ndizo zenye mnururisho, yaani miale inayoweza kudhuru seli. MRI hutumia sumaku na mawimbi ya redio. Kwenye mashine ya tesla 3 (tesla ni kipimo cha nguvu ya sumaku) mawimbi hayo ni ya megahezi 128 hivi, juu kidogo ya 108, pale stesheni za FM tunazozisikia kwenye matatu zinapoishia. Zamani jina la teknolojia hii lilikuwa na neno "nyuklia", kwa maana ya kiini cha atomi tu, likaachwa kwa kuwa liliwatisha wagonjwa. Cha kuogopa ni chuma. Wengi hudhani mashine ikinyamaza sumaku imezimwa. Haizimwi, usiku wala mchana. Mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo, klipu kwenye mshipa wa ubongo au kipande cha risasi mwilini atuambie kabla ya kuvuka mlango.

Tukitaka kupima na kemikali, wengine hulalamika: "Picha imeshaonyesha uvimbe, hicho kipimo kingine ni cha kula pesa zetu." Maneno haya huniuma, kwa sababu pesa zenyewe mara nyingi ni za mchango. Lakini picha ya kawaida huchora hasa maji na mafuta. Spektroskopia, kipimo kinachofanywa kwa mashine hiyo hiyo ya MRI, husikiliza kemikali nyingine za ubongo, ambazo ni haba kuliko maji kwa takriban mara elfu kumi. Kila kemikali huitikia sumaku kwa mlio uliotofautiana kidogo na wa mwenzake, na kompyuta huichora milio hiyo kama safu ya vilele. NAA, mojawapo ya kemikali hizo, hukaa ndani ya seli za neva. Seli zikifa, kilele chake hushuka. Kolini huhusika na utando wa seli, kwa hiyo uvimbe unaojenga seli kwa kasi huipandisha. Laktati hujitokeza penye upungufu wa oksijeni, au pale seli za uvimbe zinapoivunja sukari kwa njia ya mkato. Tukiugawa ubongo katika visanduku vingi vidogo na kuvipima kwa pamoja tunapata ramani, na daktari wa upasuaji anaona upande ulio mkali zaidi, ili kipande cha kupima maabara kitoke hapo.

Kwetu kuna sababu nyingine ya kufanya kipimo hiki. Kidonda cha ubongo chenye pete angavu kwenye picha kinaweza kuwa glioma kali (uvimbe unaoanzia ndani ya ubongo wenyewe), jipu, TB, au vimelea vya toksoplasma kwa mtu mwenye VVU. Pete hufanana, tiba hazifanani hata kidogo. Jipu la bakteria laweza kutoa asetati na asidi za amino ambazo kwa kawaida huzioni kwenye glioma. TB ya ubongo mara nyingi hutoa kilele kikubwa cha mafuta, ingawa uvimbe uliooza katikati nao hutoa mafuta.

Ndiyo maana si kweli kwamba kolini ikipanda basi ni kansa. Tishu ikivimba kwa maambukizi au jeraha tu, bila kansa, huipandisha pia, na kwa mtoto mchanga mwenye afya kolini kuwa juu na NAA kuwa chini ni kawaida. Maabara bado ndiyo yenye neno la mwisho.

Kemikali moja, hata hivyo, hunipa matumaini makubwa. Mwaka 2008 iligunduliwa kwamba baadhi ya glioma zina hitilafu kwenye jeni ya IDH1. Mwaka uliofuata ikajulikana kuwa hitilafu hiyo hurundika 2-haidroksiglutarati, ambayo ubongo wenye afya una chembe tu. Kufikia 2012 watafiti walikuwa wameipima kwa spektroskopia ndani ya wagonjwa walio hai, bila kisu. Mwenye glioma ya aina hiyo kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi kuliko asiye na hitilafu hiyo. Uvimbe ukiwa mdogo, lakini, kilele cha kemikali hiyo hufichwa na cha glutamati, kemikali ya kawaida ya ubongo.

Sasa kuna wanaotaka kuuza shamba wakatafute sumaku ya tesla 7 ng'ambo. Marekani iliiruhusu kwa matibabu mwaka 2017, na ni kweli kwamba sumaku kubwa huitenganisha milio iliyobanana. Lakini karibu na pua na masikio, penye hewa na mfupa, uga wa sumaku huvurugika zaidi, joto la mawimbi huongezeka, na vipandikizi vingi havijajaribiwa humo. Kwa glioma inayokua haraka, miezi ya kutafuta nauli ni miezi ya uvimbe. Anza na tesla 1.5 au 3 iliyo karibu.

Na kwa wanaouliza kama mashine husoma mawazo: hapana, haisomi.

Kijana wa Kayole alilala kimya hadi mwisho, na hilo si dogo, kwa maana kichwa kikitikisika vilele huchafuka. Kolini ilikuwa juu upande mmoja wa uvimbe, NAA chini. Nilimpa mama CD ya picha zote na kumwomba asiiache nyumbani siku ya kliniki. Akaifunga ndani ya leso, akamshika mwanawe mkono.