Jeni zinazodhibiti mzunguko wa seli katika saratani ya tezi dume

Mzunguko wa seli ni safari ya seli moja mpaka iwe mbili: hukua, hunakili DNA yake yote, huikagua nakala hiyo, kisha hugawanyika. Katika tezi dume ya mtu mzima mwenye afya, seli nyingi hazimo safarini. Zimetulia, zinatoa majimaji yanayochanganyika na mbegu za kiume. Jeni za kudhibiti mzunguko ndizo zinazoamua ipi ianze safari na ipi isubiri.

Aliyewahi kupanda lori la mizigo anaijua mizani ya barabarani. Seli nayo ina mizani yake, na iliyo kali kuliko zote iko kabla DNA haijaanza kunakiliwa. Mlinzi wa hapo ni protini ya RB, inayotengenezwa kwa maelekezo ya jeni RB1 kwenye kromosomu ya 13. (Jeni hii ilijulikana kupitia saratani ya jicho ya watoto, na jina lake limetoka huko.) RB huzikamata protini ziitwazo E2F, ambazo ndizo huamsha kazi ya kunakili. Maadamu imezikamata, lori halisogei.

Anayemwambia mlinzi afungue ni testosteroni, ingawa hupitia kwa wapambe. Ikishikana na kipokezi chake ndani ya seli ya tezi dume, protini iitwayo saiklini D huongezeka. Saiklini hiyo huungana na vimeng'enya CDK4 na CDK6, vinavyoibandika RB fosfeti hadi iziachie E2F. Wapo pia wa kubana: jeni CDKN1B hutoa protini ya p27, inayoviziba vimeng'enya vya ukoo huohuo, na TP53 husimamisha safari DNA ikiharibika, au huiamuru seli ife.

Ndiyo maana saratani iliyosambaa hutibiwa kwa kukata testosteroni, kwa kuondoa korodani au kwa sindano, njia iliyofunguliwa na Charles Huggins mwaka 1941. Homoni ikikauka, saiklini D hupungua na mlinzi hubaki amefunga geti.

Jeni hizi haziharibiki zote kwa siku moja. Mapema, mara nyingi utakuta p27 imepungua, au PTEN imepotea. PTEN ni jeni ambayo pamoja na kazi nyingine huisaidia p27 isivunjwevunjwe. RB1 kwa kawaida huwa ingali nzima uvimbe unapokuwa bado ndani ya tezi. Hupotea zaidi baadaye, kwa wagonjwa ambao tiba ya homoni imeshaanza kushindwa, na hapo hesabu yote hubadilika: geti likiwa halina mlinzi, kukata testosteroni hakumzuii mtu. Hata dawa za kuziba CDK4 na CDK6, kama palbociclib inayotumika kwa saratani ya matiti tangu 2015, hazifui dafu pasipo RB. Ni sawa na kumzuia mtu asimhonge askari aliyekwisha kuacha kazi.

Hali huwa mbaya zaidi RB1 na TP53 zikipotea pamoja. Baadhi ya seli huacha kabisa tabia za tezi dume, zikafanana na zile za saratani ya mapafu ya seli ndogo, na haziisikilizi testosteroni tena. Mtego mkubwa uko kwenye kipimo cha PSA, protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu. Protini hiyo nayo hutengenezwa kwa amri ya kipokezi cha testosteroni, kwa hiyo seli zilizobadilika hutoa kidogo tu. Mgonjwa anaweza kushika karatasi ya maabara yenye namba ya chini, akashukuru, huku uvimbe ukiongezeka kwenye ini. Daktari anayeona picha na namba hazipatani huchukua kinyama kingine kwenye uvimbe na kukipima upya. Jibu likionyesha seli zimebadilika hivyo, tiba huhamia kwenye dawa za jamii ya platinamu, kama karboplatini.