Pugu ya Mapadri Haikujengwa kwa Fimbo na Rozari Peke Yake

Wiki hii nimeisoma tena: "Enzi za mapadri shule zilikuwa shule. Serikali ilipozichukua, zikafa." Safari hii aliyeandika ni mwalimu mwenzangu, tena wa historia, na hapo uvumilivu wangu ukafika mwisho. Nimekuwa mkaguzi wa shule kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na tangu nistaafu nashinda kwenye makabati ya kumbukumbu za shule kongwe za wavulana za Kikatoliki. Nazipenda shule hizi. Kwa sababu nazipenda, nataka zisimuliwe kama zilivyokuwa.

Tuanze na Pugu, maana ndiyo inayotajwa kila mara. St. Francis' College ilikuwa kwenye vilima vya Pugu, kilomita kama 20 kutoka katikati ya Dar es Salaam. Misheni yenyewe ni ya zamani kuliko sekondari: Wabenediktini walifika mwaka 1888, na Januari 1889 wapiganaji wa Abushiri, aliyekuwa akipigana na Wajerumani pwani, wakaivamia na kuua wamisionari. Sekondari ilikuja baadaye sana, wakati wa Mwingereza. Hapo ndipo Julius Nyerere alipofundisha historia baada ya kurudi kutoka Edinburgh mwaka 1952. Hakusoma Pugu. Alisoma Tabora School, ambayo ilikuwa ya serikali, na kabla ya kwenda Uskochi alifundisha St. Mary's ya Tabora, ya Mapadri Weupe, ambayo leo inaitwa Milambo. Hayo yameandikwa kila mahali na bado watu wanayachanganya, siyarudii tena.

Sasa tuje kwenye fedha, ambako upotoshaji ndiko unakoanzia. Inasemwa kwamba Kanisa lilijenga na kuendesha shule hizi kwa sadaka, halafu serikali ikaja kuvuna ilichokuwa haijapanda. Kanisa lilijenga, ndiyo, na ardhi, matofali na jasho la mabruda vinastahili heshima. Lakini tangu sheria ya elimu ya 1927, shule ya misheni iliyokubali kukaguliwa na kufuata mtaala ilipewa ruzuku ya serikali. Mwaka uliofuata Roma ilimtuma Arthur Hinsley, ambaye baadaye alikuwa Askofu Mkuu wa Westminster. Aliwakusanya wamisionari Dar es Salaam na kuwaambia washirikiane na serikali kwa nguvu zao zote. Na pale wasipoweza kufanya yote mawili, wayaache makanisa yao nyuma ili wazikamilishe shule zao. Wamisionari wengi walishtuka kuambiwa hivyo na mjumbe wa Papa. Walitii, na ruzuku ikawa sehemu ya maisha ya shule kama kengele.

Nayo ruzuku ilikuja na amri zake. Machi 1955 Nyerere alirudi kutoka New York alikozungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akiwa Rais wa TANU. Uongozi wa shule ukamtaka achague: ualimu au siasa. Akaacha ualimu. Watu husimulia kisa hiki kama ugomvi wa mapadri na mwanasiasa, ilhali shule ilikuwa inakula ruzuku ya serikali ya kikoloni, na serikali hiyo haikutaka mwalimu wa shule kama hiyo aongoze chama kinachodai uhuru.

Kinachonikera kuliko vyote, hata hivyo, ni hili la matokeo. "Mapadri walifaulisha." Walifaulisha nani? Katika kabati la shule moja ya namna hii, ambayo siitaji, nilifungua daftari la waombaji wa miaka ya hamsini. Kurasa pana, wino wa bluu, safu za jina, parokia, shule aliyotoka na alama za darasa la nane. Karibu kila ukurasa majina mengi yamepigwa mstari wa penseli nyekundu, na machache yana alama ya vema pembeni. Pembeni mwa jina moja lililokatwa padri ameandika kwa Kiingereza kwamba kijana ni mzuri, nafasi hakuna. Niliduwaa juu ya ukurasa ule kwa muda mrefu.

Na hao waliofika darasa la nane walikuwa tayari wamechujwa darasa la nne. Elimu ya Kujitegemea, andiko la Nyerere la mwaka 1967, inatoa takwimu: mwaka wa uhuru, Tanganyika nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari 11,832, na waliokuwa kidato cha sita ni 176. Mia moja sabini na sita, katika nchi ambayo sensa ya 1957 ilikuwa imehesabu watu zaidi ya milioni 8! Mpe mwalimu yeyote wa leo vijana waliochekechwa kwa chekeche la namna hiyo, mpe bweni na maktaba, kisha aje tuzungumze habari za matokeo ya Cambridge, mitihani ya Uingereza iliyofanywa enzi hizo. Na mchezo huu haujaisha. Tulipokuwa tunatangaziwa shule kumi bora za kidato cha nne, kabla Baraza la Mitihani halijaacha kuzitangaza mwaka 2023, seminari zilikuwa zikisifiwa bila mtu kuuliza zilikataa watoto wangapi mlangoni.

Je, malezi hayakuwa na uzito? Yalikuwa nao, na hapa nakiri kwamba jibu langu halijakamilika. Kipande cha reli kimening'inia mwembeni, kinagongwa kabla ya jua. Misa, usafi, uji, paredi, madarasa, shamba, mpira, rozari, bwalo, kisha prepo chini ya karabai, na padri anapita kati ya madawati kimya kimya. Mwalimu aliishi pale pale. Alimjua mvulana asiyekula na mvulana aliyepata barua mbaya kutoka nyumbani. Naamini jambo hilo la kuishi pamoja lilifanya kazi kubwa kuliko fimbo, ingawa siwezi kulitenganisha na lile chekeche na kusema hili limechangia kiasi hiki na lile kiasi kile. Anayedai anaweza, anakisia.

Kuna lingine ambalo vitabu vya jubilei hulipita mbio. Wazee Waislamu waliosoma shule hizi wameniambia mambo mawili kwa pumzi moja: kwamba walimu waliwapenda, na kwamba walijihisi wageni kila kengele ya kanisa ilipolia. Katika maeneo mengi ukitaka sekondari, mlango uliokuwepo ulikuwa wa padri au wa mchungaji. Sheria ya Elimu ya 1969 ilipoweka shule zilizokuwa zikipata ruzuku chini ya serikali, kuanzia 1970, hoja yake ilikuwa hiyo: nafasi zitolewe bila kuangalia dini wala rangi. Shule za Aga Khan zilichukuliwa pia. Seminari ziliachwa. Na aliyekuwa Rais wakati huo alikuwa Mkatoliki wa misa ya kila siku, aliyefundisha katika shule mbili za aina hii. Alijua anachokigusa.

Tena haikutokea kwa siku moja. Walimu wa misheni na wa serikali walikuwa wameshawekwa kwenye utumishi mmoja mwanzoni mwa miaka ya sitini, na ada ya sekondari ilifutwa 1964. Sheria ya 1969 ilimalizia njia iliyoanza 1927.

Kwamba hali iliharibika baadaye, nakubali. Niliyaona mabweni yasiyo na vioo na maabara zenye chupa tupu. Lakini hesabu miaka. Bei ya mafuta ilipanda 1973, vita ya Kagera ikaja 1978, na miaka ya themanini nchi haikuwa na fedha za kigeni za kuagiza vitabu. Shule zilizojengwa na serikali yenyewe tangu ukoloni ziliumia vilevile, na hizo hazikunyang'anywa padri yeyote.

Siku hizi nasikia "rudisheni shule za Kanisa". Ni hoja halali, nami nipo tayari kuijadili na yeyote. Anayeileta anijibu kwanza mambo mawili: nani atalipa mishahara, na kijana wa Kisarawe mwenye alama za wastani, ambaye baba yake si Mkatoliki wala hana ada, jina lake litapigwa penseli nyekundu au litawekwa vema?