Kuongoza kwa viti Uingereza siyo kushinda, jamani

Nafundisha darasa la jioni la watu wanaojiandaa na mtihani wa uraia hapa Uingereza, wengi ni Wakenya na Watanzania, Wakongo nao wapo, na kila tukigusa mada ya bunge lazima atokee mmoja aseme "Lakini mwalimu, 2010 Labour si walitaka kuiba? Waliopata viti vingi ni Conservative, sasa hao wengine walikuwa wanakaa vikao vya nini?" Wenzake wanatikisa vichwa, ehee, kweli kabisa. Wanasema uchaguzi ule wa 2010 ambao hakuna chama kilichofika nusu ya viti, na Labour waliokuwa madarakani wakaanza kuongea na chama cha tatu, Liberal Democrat. Nimeisikia hiyo mpaka nimechoka, kwa hiyo naiandika mara moja, atakayeuliza tena nitampa asome na mimi ninywe chai yangu.

Eti chama chenye viti vingi kuliko vingine ndicho kimeshinda na kina haki ya kuunda serikali. Hakuna kitu kama hicho. Mpiga kura wa Uingereza hachagui serikali wala hachagui waziri mkuu, anachagua mbunge wa jimbo lake, mmoja, basi. Majimbo yako 650. Wabunge wakishapatikana ndipo swali la serikali linaanza, nalo ni moja tu: nani anaweza kusimama mbele ya hao watu, akaleta hotuba ya Mfalme (yaani mipango ya serikali inayosomwa bungeni) na bajeti, na zikapita? Mwenye zaidi ya nusu hana wa kubishana naye. Asiyefika nusu, kuwa wa kwanza kunamsaidia, ndiyo, maana anahitaji kubembeleza watu wachache zaidi, lakini haki ya kutawala hana. Hii siyo ligi kwamba anayeongoza msimamo siku ya mwisho anabeba kombe.

Ukibisha nitakupeleka Desemba 1923, na huwa naipenda sana hii maana inanyamazisha darasa zima. Stanley Baldwin wa Conservative aliitisha uchaguzi mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha, akatoka na viti 258, Labour 191, Liberal 158. Kwa hesabu ya wanafunzi wangu Baldwin kashinda tena kwa mbali. Na kweli hakujiuzulu, alibaki zake Downing Street, ofisi ya waziri mkuu, akasubiri bunge lifunguliwe Januari, Labour na Liberal wakaungana kumkataa tarehe 21, na kesho yake Mfalme George wa Tano akamwita Ramsay MacDonald, ndiyo Labour wakapata waziri mkuu wao wa kwanza katika historia, akiwa na wabunge 191 ambao hata theluthi ya bunge hawafiki! Conservative, wa kwanza kwa viti, wakaenda kukaa upinzani. Sheria gani ilivunjwa hapo? Hakuna.

Februari 1974 ndiyo inachanganya zaidi. Edward Heath wa Conservative, waziri mkuu aliyekuwepo, aliizidi Labour kwa kura nchi nzima, ila viti akapata 297 na Labour 301. Haya niambie nani kashinda, wa kura au wa viti? Heath alikaa siku kadhaa akimbembeleza Jeremy Thorpe wa Liberal mwenye viti 14, na hata wangekubaliana wasingefika nusu, ikashindikana, Machi 4 akaondoka na Harold Wilson akaingia na serikali isiyo na wingi, hana mseto na mtu yeyote. Oktoba mwaka huohuo wakarudi kwenye masanduku.

Sasa hiyo 2010 yenu. Conservative 306, Labour 258, Liberal Democrat 57, na nusu ya kuvuka ni 326. Gordon Brown, waziri mkuu wa Labour, akabaki ofisini siku tano na magazeti yakamwandika kama mvamizi aliyegoma kuhama nyumba ya watu, na hiyo picha ndiyo imebaki kwenye vichwa vya watu mpaka leo. Ukweli ni kwamba alitakiwa abaki. Waziri mkuu aliyeko hang'oki mpaka ionekane nani anashika nafasi yake, maana nchi haikai bila serikali hata saa moja, na mwongozo wa Baraza la Mawaziri uliotolewa 2011 umeliweka hilo kwenye maandishi. Angeondoka asubuhi ya Mei 7 angemwacha Malkia hana wa kumwita, hapo ndiyo ungekuwa utovu wa adabu.

Na Labour kuongea na Liberal Democrat haukuwa wizi, tatizo lao lilikuwa hesabu. 258 na 57 ni 315. Bado 11. Ilibidi waokoteze wa vyama vidogo, wa Scotland 6, wa Wales 3, wa Northern Ireland wawili watatu, yule mmoja wa Green, yaani kila kura ya usiku wa manane mbunge mmoja akiugua mafua serikali inatikisika. David Cameron wa Conservative na Nick Clegg wa Liberal Democrat wakijumlisha vyao wanapata 363, namba ya kulala usingizi. Clegg naye anajua kujumlisha, akaenda na Cameron. Lile neno la "muungano wa walioshindwa" lilivumishwa sana wakati ule, hata ndani ya Labour kwenyewe, ila kikatiba halina maana, maana kwenye bunge la namna hiyo kila mtu ameshindwa kupata alichoomba, Cameron akiwemo.

Najua inatoka wapi. Nyumbani tunachagua rais moja kwa moja. Mkenya amezoea hamsini jumlisha moja, na akisikia serikali ya mseto anakumbuka nusu mkate ya 2008, damu imemwagika, Kofi Annan amekuja kuwakalisha watu chini. Wa Zanzibar anakumbuka maridhiano na kura ya maoni ya 2010. Kwa hiyo kwetu mseto ni dawa ya ugomvi. Hapa ni kazi ya kawaida ya bunge, hakuna aliyepigana.

Zingine nazipitia haraka.

"Mfalme ndiye anaamua." Wapi! Kazi kubwa ya watu wa kasri siku za kutafuta serikali ni kuhakikisha haamui chochote, wanasiasa wamalizane wenyewe apelekewe jina moja.

"Lazima iundwe serikali ya mseto." Hapana, huyo Wilson nimeshamtaja. Na 2017 Theresa May, waziri mkuu wa Conservative, alipobaki na viti 317 alipatana na DUP wa Northern Ireland, viti 10, wakawa wanampigia kura kwenye bajeti na mambo ya Brexit, uwaziri hawakuchukua hata mmoja. Northern Ireland ikaongezewa pauni bilioni 1.

"Bila 326 huwezi." Kwenye karatasi sawa, ila Sinn Féin, chama cha Northern Ireland, wakichaguliwa hawakanyagi bungeni, na 2017 walikuwa 7, Spika na manaibu wake nao hawapigi kura, kwa hiyo nusu halisi ilikuwa kama 320 hivi.

"Wananchi wenyewe wameamua vyama vigawane madaraka." Hii inatoka kwa wachambuzi wa kwenye tivii na inanikera karibu sawa na ile ya kwanza. Kwenye karatasi ya kura hakuna kiboksi cha hivyo! Kila mtu alitaka chake kishinde. Namba zikikataa ni mfumo wa majimbo umezigawa vile: 2010 Labour walipata asilimia 29 ya kura wakaondoka na viti 258, Liberal Democrat asilimia 23 wakapewa 57. Huo uamuzi wa wananchi uko wapi hapo?

"Chama kidogo ndiyo kinafaidi." Waulize Liberal Democrat. Waliahidi kupinga kupanda kwa ada za vyuo vikuu, wakaingia serikalini, ada ikaruhusiwa kufika pauni 9,000 kwa mwaka, na 2015 kutoka 57 wakabaki 8. Mimi kwa maoni yangu chama kidogo kikae nje ya baraza la mawaziri na kiuze kura zake mojamoja, fedha mkononi, walivyofanya DUP. Uwaziri una magari mazuri lakini lawama zote zinakufuata.

Na ya mwisho, "Sisi wageni haituhusu." Hapa ndiyo huwa napaza sauti darasani. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola anayeishi hapa kihalali anapiga kura ya ubunge hata kabla ya kupata uraia wa Uingereza. Mkenya, Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda, wote mmo. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi ndio inabidi wasubiri uraia. Nimeona watu wamekaa hapa miaka na miaka wanalipa kodi, wanabishana kuhusu Labour na Conservative kila Jumamosi, na hawajawahi kujiandikisha, eti wanasubiri pasipoti nyekundu, ambayo siku hizi hata siyo nyekundu. Pasipoti yako ya Kenya au ya Tanzania inakubalika kituoni kama kitambulisho. 2017, kwenye bunge lilelile lisilo na mwenye wingi, jimbo la North East Fife liliamuliwa kwa kura 2 na Kensington hapa London kwa kura 20. Kujiandikisha ni mtandaoni, dakika chache, uwe na namba yako ya National Insurance, na dirisha linafungwa siku 12 za kazi kabla ya uchaguzi, siyo usiku wa kuamkia.