Kanda ya Queen ya nyumbani: kuihamishia kwenye kompyuta bila kuiua

Nyimbo za Queen, bendi ya roki ya Uingereza, zote zipo mtandaoni, safi kuliko zilivyowahi kusikika kwenye redio kaseti yoyote. Kama unachotaka ni wimbo, usijisumbue na kanda. Thamani ya kanda iliyorekodiwa nyumbani imo katika yale yasiyo wimbo: mtangazaji anayekatiza mwanzo, mlango unaobamizwa, mama anayeita watu wakale, mpangilio wa nyimbo alioubuni mtu mmoja tu duniani. Kumbukumbu za watu zimeganda hapo. Kwa hiyo kazi yetu ni kuhamisha kanda nzima, kelele zake zote zikiwemo.

Natumia Queen kama mfano kwa sababu urefu na miaka ya nyimbo zao inajulikana vizuri, na hilo litatufaa huko mbele. Freddie Mercury, mwimbaji wao mzaliwa wa Zanzibar mwaka 1946, sidhani anahitaji utangulizi.

Kabla ya kuitia kanda kwenye mashine yoyote, vunja vijino viwili vya plastiki vilivyo kwenye ukingo wa nyuma. Vikishavunjika, kitufe cha kurekodi hakishuki. Naanza na hili kwa sababu ukifuta hata sekunde tano hakuna fundi wa kuzirudisha.

Kisha itazame kwenye mwanga kupitia kidirisha chake. Ukiona unga au nyuzi nyeupe kwenye kingo za utepe uliozungushwa, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa pwani ndiyo adui wa kwanza. Usiicheze. Kuvu itahamia kwenye hedi (kichwa cha mashine kinachosoma utepe) na roli (gurudumu la mpira linaloubana utepe uende), na kutoka hapo kwenye kanda inayofuata. Ifungie kwenye kopo lisiloingiza hewa pamoja na vile vipaketi vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, uiache wiki moja au mbili. Ikishakauka, vaa barakoa, toka nje, fungua gamba na ufute kwa kitambaa kisichotoa nyuzi.

Gamba zuri hufungwa kwa skrubu tano. Lililogundishwa itabidi ulipasue kwenye mshono, na utepe uuhamishie kwenye gamba la kanda nyingine yenye skrubu. Ukiwa ndani, angalia kisponji kidogo kilicho katikati, juu ya kibamba chembamba cha chuma. Kazi yake ni kuubana utepe kwenye hedi. Gundi yake huzeeka, sponji huanguka, na sauti inakuwa kama inatoka chini ya godoro. Kanda nyingi zinazotupwa kwa kuitwa mbovu zina tatizo hili tu.

Utepe uliokatika usiunge kwa selotepu ya dukani: gundi yake huvuja na kunata kwenye mzunguko wa juu. Tumia utepe maalumu wa kuungia, na ubandike upande wa nyuma, usiogusa hedi. Kwa kuurudisha utepe uliolegea, kalamu ya Bic yenye pembe sita bado haijapata mpinzani. Kanda za dakika 120 zipelekwe polepole. Utepe wake ni karibu nusu ya unene wa ule wa dakika 60, na ukivutika hauwi tena kama ulivyokuwa.

Sasa mashine. Safisha hedi na kile kijiti cha chuma kinachouvuta utepe kwa vijiti vya pamba na alkoholi ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya kusafishia vidonda haifai, kwani nyingine huchanganywa na mafuta. Roli ya mpira isafishe kwa maji yenye tone la sabuni. Roli iliyokuwa ngumu na kung'aa ndiyo inayotafuna kanda. Ibadilishe kabla hujajuta. Belti ikilegea, sauti ya Freddie inayumba kwenye noti ndefu za piano.

Kando ya hedi kuna skrubu ndogo yenye springi. Hiyo hurekebisha mwinamo wa hedi, na hapa ndipo wanaofanya kazi kwa haraka hupoteza sauti bila kujua. Kila mashine iliyorekodi ilikuwa na mwinamo wake. Weka alama ya rangi ya kucha mahali skrubu ilipo, sikiliza chaneli zote mbili zikiwa zimeunganishwa kuwa moja, kisha zungusha kidogo sana, chini ya robo mzunguko, mpaka herufi "s" na matoazi ya Roger Taylor, mpiga ngoma wa Queen, yachomoze. Rudia kwa kila kanda.

Kasi ndiyo inayonifanya nimpende Queen kuliko bendi nyingine kwa kazi hii. Kanda hutakiwa kwenda sentimita 4.76 kwa sekunde, lakini redio kaseti nyingi huenda haraka au polepole kidogo. Bohemian Rhapsody ya 1975 ina dakika 5 na sekunde 55, urefu wa kutosha kupimia. Usipime mwanzo hadi mwisho, maana aliyerekodi huenda alichelewa kubonyeza. Chagua sehemu mbili zinazotambulika, tuseme sauti ya kwanza ya gitaa la Brian May na pigo la mwisho la gongo, uzipime kwenye nakala safi na kwenye kanda. Kwa mfano, ikiwa kipande ulichochagua kina sekunde 150 kwenye nakala safi na 147 kwenye kanda, kanda yako inakwenda haraka kwa asilimia 2. Rekebisha baadaye kwenye nakala, ndani ya programu ya kuhariri sauti, kwa amri inayobadili kasi na kimo cha sauti kwa pamoja. Ile inayobadili mwendo peke yake itaiacha sauti ikiwa juu.

Tundu la kompyuta ndogo mara nyingi ni la maikrofoni na ni la chaneli moja. Nunua kifaa cha nje cha USB chenye mlango wa laini (line in) wa stereo. Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48, vilele vya sauti vikiishia kati ya desibeli hasi 12 na hasi 6. Saa moja itakula takriban gigabaiti moja ya WAV, yaani faili ya sauti isiyobanwa. Faili hiyo ghafi usiiguse kamwe. Kupunguza mvumo na kutengeneza MP3 ya kutuma WhatsApp kufanyike kwenye nakala. Na programu za kuondoa mvumo zitumike kwa mkono mwepesi, kwa sababu huchukua minong'ono ya watu chumbani kuwa ni mvumo na kuifuta.

Baada ya hapo isikilizeni pamoja na aliyerekodi, au aliyekuwepo. Mwache aseme kwanza. Ukimtajia mwaka, ataukubali na kuujengea hadithi. Andika dakika na sekunde ya kila kitu: wimbo, sauti ya mtu, jina analompa, mahali anapodhani redio ilikuwa.

Ndipo ulinganishe. Kanda haiwezi kuwa ya zamani kuliko wimbo wake mpya kabisa. Mjomba akishikilia kwamba ilirekodiwa mwaka 1979 na ndani yake mna Another One Bites the Dust, amekosea, maana ulitoka 1980. Ikiwa na Radio Ga Ga, ni 1984 au baadaye. Kinyume chake hakithibitishi kitu: kanda yenye nyimbo za miaka ya 70 peke yake ingeweza kurekodiwa mwaka 1995. Angalia pia mpaka kati ya nyimbo. Ukisikia mlio wa kitufe na mvumo unaobadilika ghafla, hapo mtu alifuta kitu na kurekodi juu yake, na sekunde zilizobaki kwenye mwanya huo zinaweza kuwa za miaka mingi kabla. Zisikilize kwa hedfoni.