Umeshalipa, Lakini Jina Halijabadilika

Mtu akinipigia simu kuniambia kanunua nyumba Njiro ya Arusha au Shanty Town ya Moshi, simpi hongera papo hapo. Namuuliza kwanza: umelipa kiasi gani, na hati halisi iko mkononi mwa nani? Majibu yake ndiyo yanayoniambia kama nimpongeze au nimwite ofisini leo hii. Mimi ni wakili. Ofisi yangu iko Arusha, lakini kazi za Moshi nazifanya kila mara, kwa sababu si mbali na kwa sababu wateja wangu wengi wa Arusha kwao ni huko mlimani.

Wengi wanadhani biashara ya nyumba inaisha siku ya kusaini mkataba na kuhesabiana hela. Kisheria, siku hiyo mmeahidiana tu. Ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Anachokuuzia mwenye nyumba ni haki ya kuimiliki kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati, iwe 33, 66 au 99. Haki hiyo haihami mpaka Msajili wa Hati aandike jina lako kwenye daftari lake. Kati ya ile ahadi na lile jina kuna wiki, mara nyingi miezi, na humo ndimo vinamotokea vituko karibu vyote ninavyoletewa.

Tuanze na bei, maana hapo dalali ndiye mwenye neno. Mwenye nyumba Kijenge anataka milioni 180. Dalali wake anamwambia mwenzake, mwenzake anamwambia mwingine, na habari ikikufikia wewe imekuwa 215. Hicho ndicho cha juu. Dalali kulipwa si dhambi, kazi kafanya, na dalali mzuri wa mtaani anajua nani anagombania mpaka na nani kabla ofisi yoyote haijajua. Ubaya ni pale muuzaji anapogundua mezani kwangu, kalamu iko mkononi, kwamba nyumba yake inauzwa bei ambayo yeye hajawahi kuitaja. Nimeona biashara nzuri ikifa hapo hapo. Kwa hiyo kaeni muuzaji na mnunuzi ana kwa ana, mtajiane bei, na ujira wa dalali uandikwe. Na itajwe kwa shilingi: mazoea ya Njiro ya kutangaza nyumba kwa dola yamepigwa marufuku na kanuni za fedha za kigeni tangu Machi 2025.

Bei ikishakubaliwa, kabla ya shilingi moja kutoka, fanya upekuzi. Hati nzuri iliyotunzwa kwenye bahasha ya plastiki haitoshi. Upekuzi ni maombi kwa Msajili akuambie daftari linasemaje leo: kiwanja namba fulani, kitalu fulani, mmiliki nani, muda umebaki kiasi gani, na kama kuna rehani au zuio. Majibu yake ni mafupi, na watu husoma jina la mmiliki tu kisha wanaikunja karatasi. Soma mpaka chini. Zuio lililowekwa na mke aliyetengana na mumewe linakaa huko chini, na halionekani kwenye hati aliyonayo mume. Kisha, siku moja au mbili kabla ya malipo ya mwisho, fanya upekuzi mwingine. Wateja hulalamika kwamba nawarudisha kulekule. Nawarudisha, kwa sababu upekuzi wa Januari haujui lolote kuhusu Machi.

Nyumba isiyo na hati ni habari nyingine. Maeneo mengi ya pembezoni, Arusha na Moshi, yalijengwa kabla ya kupimwa, na huko watu huuziana kwa mkataba mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Si kwamba hununui. Unanunua kwa bei inayoonyesha hatari hiyo, unatembea mpaka wote na majirani wa pande zote wakiwepo na wakisaini, na unauliza urasimishaji wa mtaa, yaani ile kazi ya kupima viwanja ili wenyewe wapewe hati, umefikia wapi. Risiti ya mchango wa upimaji si hati.

Sasa tufike kwenye sahihi, kwani hapa ndipo penye mzizi. Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama kwenye hati kuna jina moja. Mnunuzi wa Arusha mjini analijua hili siku hizi. Asilolijua ni kwamba "sijaoa" nayo inahitaji kiapo, na kwamba "tuliachana" inahitaji karatasi ya mahakama. Mwanaume akiniambia waliachana kienyeji, kwa mujibu wa meza yangu bado wameoana.

Moshi kuna zaidi ya hapo. Chukua nyumba ya zamani pale Majengo. Mzee alifariki, hati bado ina jina lake, na mtoto wa kwanza anakuja na hati, cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo uliosainiwa na wajomba na mashangazi. Ana uhakika kamaliza kila kitu. Muhtasari ule unampendekeza tu. Anayempa mamlaka ni mahakama, kwa barua ya usimamizi wa mirathi. Akishaipata anaandikishwa kwa Msajili kama msimamizi, ndipo anaweza kumsainia mnunuzi. Ukimlipa kabla ya hapo umemlipa mtu asiye na cha kukuuzia. Na hata barua ikiwepo, mimi naomba warithi wote wasaini kwamba wamejua na wameridhia, hasa kitinda mimba, kwa sababu kwa mila za Wachaga nyumba ya baba ilikuwa inamwangukia yeye, na mila hiyo haijafa vichwani mwa watu. Sheria ikisema huna kesi ya kujibu, bado unaweza kuishi miaka na jirani anayekusalimia kwa mashaka.

Ndiyo maana nyumba za familia za Moshi huwa nazipangia Desemba. Wa Dar, wa Mwanza na wa Nairobi wote wamepanda mlimani kwa Krismasi, na kinachoshindikana kwa simu mwaka mzima kinaisha kwenye kikao cha jioni moja. Au kinaharibika kabisa, lakini angalau umejua.

Na kihamba, lile shamba la migomba la ukoo wa Kichaga? Nimeulizwa sana, hasa na vijana waliofanikiwa wanaotaka kujenga Machame au Kibosho. Huko mara nyingi ardhi ni ya kijiji, kwa hiyo inabidi kupita kwenye halmashauri ya kijiji, na mgeni si lazima akubaliwe. Hilo linatatulika. Kisichotatulika ni makaburi. Kihamba chenye babu na bibi chini ya migomba kina watu watakaoendelea kuja, na hakuna kifungu cha mkataba kitakachowazuia. Ushauri wangu kwa asiye wa ukoo ni mmoja: usinunue.

Kabla sijafika kwenye hela, kuna mambo ambayo upekuzi hauyasemi na unayaona kwa macho tu. Arusha ni mji wa mito: Themi, Naura, Burka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni, na nyumba nyingi nzuri zenye bustani zinazoshuka mpaka majini zimo ndani ya hizo mita. Barabara kuu nazo zina hifadhi yake, ambayo sheria ya 2007 iliipanua kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Nilikwenda kuangalia nyumba moja kandokando ya barabara iendayo Moshi. Ukuta wa uzio ulikuwa umepakwa rangi mpya kabisa, lakini kipande kimoja tu, kama mita mbili, jirani na geti. Nikamuuliza mlinzi hapo palikuwa na nini. Akacheka. Pale chini ya rangi palikuwa na X nyekundu, alama ya kubomolewa.

Na maji. Ukiambiwa nyumba ina kisima chake upande wa Meru, usifurahi kabla ya kupeleka chupa maabara. Ukanda huu una madini ya floridi, na meno ya kahawia ya watu waliokulia Maji ya Chai yanakueleza vya kutosha.

Haya, hela. Mnunuzi anataka kulipa mwisho kabisa, muuzaji anataka kulipwa mwanzo kabisa, na wote wana haki ya kuogopa. Mimi hugawa malipo yafuate karatasi. Fungu la kwanza, dogo, siku ya kusaini. La pili kibali cha uhamisho kikitoka na kodi ikishalipwa. La mwisho jina likibadilika na funguo zikikabidhiwa, na hilo la mwisho hukaa kwenye akaunti ya wateja ya wakili ili muuzaji ajue lipo. Zile fomu mtakazosikia zikitajwa, namba 29 ya kutoa taarifa, 30 ya kuomba kibali na 35 ya uhamisho wenyewe, zisainiwe zote siku moja na mkataba. Muuzaji akishasafiri kwenda kuishi na mwanawe Dodoma, kumpata kwa sahihi moja iliyosahaulika ni kazi ya mwezi.

Muuzaji naye ana kilio chake, ingawa magazeti hupenda kuandika ya wanunuzi waliotapeliwa. Anapokea milioni 40 za mwanzo, anakimbia nazo kulipia kiwanja Usa River, kisha mnunuzi wake anasubiri mkopo wa benki. Benki inatuma mthamini. Mthamini anaandika bei ya soko na pia bei ya kuuza kwa haraka, ambayo ni ndogo zaidi, na mara nyingi benki hukopesha kwa kuangalia hiyo ndogo. Pengo linatokea, mnunuzi hana cha kulizibia, anataka milioni 40 zake zirudi, na zimeshakuwa kiwanja. Mkataba lazima useme mapema: mkopo ukikataliwa nini kinarudi, ndani ya siku ngapi, na kiasi gani kinabaki kwa muuzaji kwa kupotezewa muda. Na wewe muuzaji, hela ya kwanza usiiguse. Najua ni ngumu.

Kodi ndiyo inayozaa ule mtindo wa "tuandike milioni 80, nyingine 100 tupeane nje." Mtindo huo siuandikii mkataba, na sababu si uchamungu peke yake. Uhamisho unahitaji ripoti ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, kwa hiyo bei yenu ya kubuni haitasaidia. Halafu biashara ikivunjika, kwenye baraza la ardhi utadai kilichoandikwa. Milioni 100 za pembeni zitakuwa zimekwenda na maji.

Kwani kodi yenyewe ni kiasi gani? Muuzaji mkazi wa Tanzania hutozwa asilimia 10 ya faida, siyo ya bei. Asiye na kumbukumbu za gharama hutozwa asilimia 3 ya bei au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Nyumba ya milioni 180 iliyokugharimu 150, ukiwa na risiti, ni milioni 3. Bila risiti ni milioni 5.4. Zile risiti za saruji, nondo na bati mnazoacha dukani zina bei yake. Nyumba uliyoimiliki na kuishi kwa miaka mitatu au zaidi ina msamaha ikiwa faida haizidi milioni 15. Mnunuzi kwa upande wake hulipa ushuru wa stempu, takriban asilimia 1. Mkikubaliana mnunuzi abebe kodi zote, sawa, lakini iandikwe, maana bila kuandikwa mtakuja kwangu mmenuniana.

Raia wa kigeni wapo wengi Arusha, na wengine hununua kwa jina la rafiki au mchumba wa Kitanzania. Sheria inamruhusu mgeni kupata ardhi kwa uwekezaji tu, kupitia mamlaka husika. Nyumba iliyo kwa jina la mchumba ni ya mchumba.

Siku ya makabidhiano nenda na orodha. Nimesuluhisha ugomvi wa simtanki la lita 5,000, pampu ya kisima, paneli za sola, na mara moja geti. Muuzaji aliling'oa usiku akidai alilinunua baadaye. Kilichofungwa kwenye nyumba na kinachobaki kiorodheshwe ndani ya mkataba, na picha zipigwe siku mnaposaini. Kagueni deni la LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla: kodi ya majengo inakatwa humo, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa, na mita iliyokaa muda bila kununuliwa umeme itameza manunuzi yako ya kwanza. Kodi ya pango la ardhi idaiwe risiti za miaka ya nyuma. Kisha badilisheni jina TANESCO, kwenye mamlaka ya maji na kwenye kumbukumbu za kodi ya pango ndani ya mwezi huohuo, na muuzaji abaki na nakala ya hati mpya. Ilani ya deni ikitumwa kwa jina lake baada ya miaka mitatu, atakuwa na cha kuonyesha.